Kufuatilia Kimbunga Ukiwa Tanga: Daftari, Ramani na Ukubwa wa Shaka

Aprili 2021, Kimbunga Jobo kikiwa bado mbali huko kaskazini mwa Madagaska, nilipiga picha skrini ya simu yangu nikairusha kwenye grupu la WhatsApp la manahodha wa Sahare, mtaa wetu wa pwani hapa Tanga. Picha ilionesha duara jekundu limekaa juu ya Pangani, siku tano mbele. Sikuandika neno, niliona picha inajieleza yenyewe. Kufika magharibi mashua sita zilikuwa zimepandishwa juu, na mabaharia wake wakakosa posho ya siku mbili. Jobo kilipungua nguvu baharini, mabaki yake yakaelekea upande wa Dar es Salaam, na kwetu Sahare halikuanguka hata kuti.

Mjomba wangu, ambaye ana mashua mbili, hakunigombeza. Alisema tu: "Mpwa wangu, siku nyingine usinitumie picha. Niambie unajua kiasi gani."

Jioni ile nilinunua daftari la kurasa 96. Haya ninayoeleza hapa yametoka humo. Nayaandika kwa mtu wa Tanga, ila wa Bagamoyo, Pangani au Kilwa atabadilisha namba mbili tatu na kazi itakuwa ile ile.

Kabla hujaanza, elewa jambo moja. Kutoa tahadhari ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, na sheria iliyoiunda mamlaka hiyo mwaka 2019 haikumpa kazi hiyo mtu mwenye simu na bando. Wewe unafuatilia ili uelewe wanachosema, ujue kina uhakika wa kiasi gani, na ujiandae mapema. Siku utakayojikuta unasema kinyume na wao, nyamaza kwanza.

Jua miezi yako

Msimu wa vimbunga wa Bahari ya Hindi upande wa kusini magharibi huhesabiwa kutoka Julai 1 hadi Juni 30, na vingi huzaliwa kati ya Novemba na Aprili. Lakini hivyo vingi ni vya Madagaska, Morisi na Msumbiji. Pwani yetu ina tabia yake. Tazama tarehe: kimbunga kilichobomoa Unguja na kuivunja misheni ya Bagamoyo, iliyokuwa na miaka minne tu, kilipiga Aprili 15, 1872. Kilichopiga Lindi kilikuja Aprili 15, 1952; tarehe ile ile, miaka 80 baadaye. Kenneth kilichowatoa watu wa Mtwara majumbani kabla hakijaangukia kaskazini mwa Msumbiji ni Aprili 25, 2019. Jobo ni wiki hiyo hiyo ya mwaka 2021. Hidaya kilifika Mafia Mei 4, 2024, na kabla mwezi haujaisha Ialy kikapita nje yetu kuelekea pwani ya Kenya.

Zote hizo ni siku za tanga mbili: kaskazi imekufa, kusi haijakaza, bahari ina joto la miezi mitano ya jua, na pepo za juu zimelegea. Kwa hiyo daftari langu hulifungua Novemba kwa kuangalia mara moja kwa wiki, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei naangalia kila siku.

Utasikia watu wakisema Tanga haifikiwi na kimbunga kwa sababu tuko karibu na ikweta. Kuna ukweli ndani yake. Kimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kijizungushe, na msukumo huo ukiikaribia ikweta hupungua hadi kuwa si kitu. Chini ya nyuzi 5 za latitudo ni nadra sana kizaliwe, na sisi tuko nyuzi 5 na kidogo kusini. Ila kuzaliwa si kupita. Ialy kilituzunguka kwa nje kikaenda kaskazini zaidi yetu. Halafu si lazima jicho, yaani kitovu chake, lifike mlangoni kwako ndipo uumie.

Vifaa

Daftari, penseli, rula, bikari ya kuchorea duara, na ramani ya bahari yenye mistari ya latitudo na longitudo. Mimi nilichora yangu kwenye karatasi ya grafu: kutoka nyuzi 2 hadi 14 kusini, na 37 hadi 52 mashariki, sentimita 2 kwa kila nyuzi. Nikatia alama Tanga (5.1 kusini, 39.1 mashariki), Bagamoyo (6.4, 38.9), Mafia (7.9, 39.7) na Mtwara. Kisha nikapeleka kwa mtu wa stationari akanitolea kopi ishirini. Simu yenye baromita ndani, yaani kipima shinikizo la hewa, ni nzuri kama unayo. Nyingi za bei ya kati hazina.

Soma taarifa kabla ya picha

Picha za rangi kwenye programu kama Windy na Zoom Earth ni tamu, na utamu wake ndio ulionipotosha. Anza na maandishi. Kituo chenye dhamana ya vimbunga kwa bahari yetu kiko kisiwa cha Réunion, chini ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Kimbunga kikiwepo, hutoa taarifa kila baada ya saa sita. Wanajeshi wa Marekani nao wana kituo chao Hawaii kinachotoa taarifa zake. Mfumo ukiwa bado mchanga huupa namba kati ya 90 na 99 ikifuatwa na herufi S. Ukiona namba ya namna hiyo, jua kuna kitu kinachotazamwa, basi. Vingi hufa bila jina.

Taarifa hizo hutumia saa ya dunia, UTC, na hapa ndipo wengi huteleza. Sisi tuko saa tatu mbele, halafu tunahesabu saa kwa Kiswahili. Njia ya mkato: chukua saa ya UTC, toa tatu; jibu likizidi 12, toa 12, likiwa chini ya sifuri, ongeza 12. Ya 06 ni saa tatu asubuhi. Ya 12 ni saa tisa alasiri. Ya 18 ni saa tatu usiku. Ya 00 ni saa tisa usiku wa manane, na hiyo hubadilisha tarehe kwa wenzako wa Marekani lakini si kwako. Niliwahi kupanga nukta tatu kwenye ramani, mbili kwa saa zetu na moja kwa UTC, nikaona kimbunga kimesimama ghafla baharini. Kilikuwa hakijasimama popote.

Majina hutoka kwenye orodha ya msimu inayofuata alfabeti, na hutolewa dhoruba inapofikia upepo wa kilomita 63 kwa saa. Hidaya kilikuwa cha nane msimu ule, Ialy cha tisa. Kwa ngazi za Réunion, kilomita 63 ni dhoruba ya wastani, 89 dhoruba kali, 118 ndipo inaitwa kimbunga hasa, 166 kimbunga kikali, na ikipita 212 ni kikali mno. Kwenye WhatsApp kila kitu ni "kimbunga" kuanzia siku ya kwanza. Wewe andika ngazi yake.

Na usishangae Hawaii wakitaja upepo mkubwa kuliko Réunion kwa kimbunga kile kile. Wao hupima wastani wa dakika moja, Réunion wa dakika kumi. Chagua kituo kimoja, ubaki nacho hadi mwisho. Taarifa hutaja upepo kwa fundo na umbali kwa maili za baharini, kwa hiyo kumbuka: fundo moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.85.

Chora nukta, kisha chora shaka

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote ni wasaidizi wake. Tuchukue mfano wa kubuni. Taarifa ya saa tatu asubuhi inasema kitovu kiko 9.2 kusini, 43.6 mashariki. Baada ya saa 24 kitakuwa 8.6 na 41.5. Baada ya saa 48, 8.0 na 39.8.

Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111; huku kwetu ya longitudo ni kama 110. Kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili, kimbunga kimepanda nyuzi 0.6, yaani kilomita 67, na kimesogea magharibi nyuzi 2.1, yaani 231. Pima kwa rula au piga hesabu ya pembetatu: kilomita 240 kwa siku, sawa na 10 kwa saa. Mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Andika hilo pembeni, kwa sababu taarifa ijayo ikisema kinakwenda 20, kila saa uliyoihesabu imekatika nusu.

Sasa nukta ya saa 48. Kutoka hapo hadi Tanga ni kilomita 330 hivi. Hadi Bagamoyo ni kama 200. Mtu wa haraka atasema Tanga salama, Bagamoyo salama, kitaingia Mafia. Hapana. Chukua bikari. Utabiri wa saa 24 kwa kawaida hukosea makumi ya kilomita, pengine hadi mia. Wa saa 48, mimi huchora duara la kilomita 150. Wa siku tatu, 200 na zaidi. Wa siku tano, 300 au hata zaidi, na hiyo ni sawa na Tanga hadi Mafia. Ndiyo kusema ile picha yangu ya mwaka 2021, hata ingekuwa ya modeli ya kompyuta iliyo bora duniani, haikuweza kutofautisha Pangani na Rufiji.

Duara la kilomita 150 kutoka nukta ile linaacha pengo la kilomita 50 kabla ya Bagamoyo, na 180 kabla ya Tanga. Bado hujamaliza. Duara hilo ni mahali kitovu kinapoweza kuwa. Upepo wake je? Taarifa hutaja umbali wa upepo mkali kutoka kitovuni kwa pande nne: kaskazini mashariki, kusini mashariki, kusini magharibi, kaskazini magharibi. Sisi na Bagamoyo tunakuwa kaskazini magharibi ya kimbunga cha Mafia. Tuseme upande huo wameandika maili 40, yaani kilomita 74. Ongeza kwenye duara: Bagamoyo imo ndani, Tanga iko nje kwa kilomita mia na ushei. Hapo sasa unajua kitu. Mtu wa Bagamoyo apandishe ngalawa leo. Mtu wa Tanga asubiri taarifa ya saa tisa alasiri, na asilale mbali na chombo chake.

Ile pembe nyeupe inayotanuka mbele ya kimbunga kwenye ramani za mitandaoni ni haya haya maduara yameunganishwa. Watu wengi huisoma kama ukubwa wa kimbunga, wanadhani kinavimba kila siku. Kinachovimba ni kutojua kwetu.

Bakuli la tambi

Modeli za kompyuta hazipigi hesabu mara moja. Kituo cha Ulaya, ECMWF, huendesha utabiri wake mara 51, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kwa sababu hakuna anayejua kwa hakika bahari na hewa zikoje sasa hivi. Wamarekani kwa modeli yao ya GFS huendesha mara 31. Kila mwendo ni mstari mmoja, na ukiiweka yote kwenye ramani unapata bakuli la tambi.

Usitafute mstari wa katikati. Hesabu. Mistari mingapi kati ya 51 inapita ndani ya kilomita 150 kutoka kwako? Ikiwa sita, ni kama asilimia 12. Andika. Kesho hesabu tena kwa umbali ule ule. Kutoka sita kwenda tisa, kisha kumi na tano, ni habari. Sita, mbili, saba ni kelele. Tazama pia kama tambi zimegawanyika mafungu mawili, moja likiingia Mtwara na jingine likipinda kaskazini. Hapo wastani wake huangukia katikati, mahali ambapo pengine hakuna mstari hata mmoja, na ndipo picha ya nukta moja hudanganya kuliko wakati wowote.

GFS ina ugonjwa wake: ikitazama zaidi ya wiki moja mbele, hupenda kuzaa vimbunga ambavyo havipo. Ukiona kimbunga cha siku ya kumi kwenye simu, kunywa chai. Modeli mpya za akili bandia ni hodari kwa njia ya kimbunga na hutoa majibu upesi. Kwa nguvu ya upepo bado siziamini, na vimbunga vya huku kwetu ni vidogo. Jobo kilikuwa kidogo sana. Kimbunga kidogo hupanda nguvu kwa nusu siku na kushuka kwa nusu siku, na vipimo katika eneo letu la bahari ni vichache. Kwa hiyo shaka ya njia unaweza kuichora kwa bikari. Shaka ya nguvu mimi huipa ngazi moja juu na ngazi moja chini, siku zote.

Jicho la juu, pua ya chini

Satelaiti ya Meteosat inayotazama bahari yetu hupiga picha kila dakika 15. Saa bora ni ile ya kwanza ya mchana, jua likiwa limelala bado na mawingu yana vivuli. Tafuta kitovu: je, donge la mawingu meupe liko juu ya kitovu, au limesukumwa upande mmoja na kuacha kizunguzungu cha mawingu ya chini peke yake, kama kofia iliyopeperushwa? Kofia ikitoka, pepo za juu zinakikata, na mara nyingi taarifa inayofuata itashusha upepo.

Sasa rudi ufukweni. Shinikizo la hewa ya pwani yetu hukaa karibu na hektopaskali 1010, lakini hupumua: hupanda saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, tofauti ya hektopaskali 3 hivi. Mgeni wa baromita huona imeshuka jioni akapiga yowe. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana, simu ikiwa pale pale, maana ukipanda ghorofa tatu umeshaipunguza moja. Mabaharia wana kanuni yao ya siku nyingi: ikishuka 3 chini ya kawaida ya saa hiyo, shuku; ikishuka 5, usishuku tena.

Upepo nao husema. Kwa upande wetu wa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Upe upepo mgongo: kitovu kiko mkono wako wa kulia. Kikiwa karibu na Mafia, Tanga tutapata upepo wa magharibi, kutoka bara. Kwa hiyo ukikaa soko la samaki la Deep Sea, uso baharini, saa saba mchana, saa ambayo siku zote upepo hutoka baharini, ukahisi umande, yaani upepo wa kutoka bara, unakuvumia kisogoni, inuka. Hatari yake ni kwamba maji ya karibu na ufukwe yanaweza kuonekana yametulia, kwa kuwa upepo unatoka nchi kavu, na mwenye ngalawa akadanganyika kwenda. Huko nje upepo huo huo unamsukuma mbali na kwao.

Tazama kalenda ya mwezi vilevile. Hidaya kilifika Mafia siku nne kabla ya mwezi kuandama, bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, haijaiva. Kimbunga kile kile siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, kingesukuma bahari juu ya maji yaliyokwisha kupanda. Kwa nyumba za ufukweni hilo huweza kuwa zito kuliko upepo wenyewe.

Na kimbunga cha mbali nacho kina yake. Idai cha Machi 2019 hakikutugusa, kiliangukia Beira, lakini kilivuta unyevu kuelekea kwake na masika ya mwaka ule yakachelewa. Kwa hiyo mkulima wa Muheza akikuuliza habari za kimbunga cha Msumbiji, usimcheke.

Kumwambia mtu

TMA wana maneno matatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Usiyachezee. "Angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2" si kimbunga. Huja mara kwa mara kusi ikikaza. Ukisambaza taarifa yao, isambaze nzima, pamoja na tarehe.

Ujumbe wangu wa grupu siku hizi hauna picha. Una mistari minne, kwa mfano huu:

"TMA wametoa tahadhari leo, nimeibandika hapa chini. Kitovu kiko km 670 kutoka Tanga, kinakuja kwa km 10 kwa saa. Kesho kutwa kinaweza kuwa popote kati ya Kilwa na kusini ya Bagamoyo. Ujumbe huu unaisha leo saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo usiuamini, subiri mwingine."

Mstari wa mwisho ndio niliochelewa kuujua. Ujumbe usio na mwisho huzunguka. Picha yangu ya Jobo ilinirudia kutoka kwa mtu wa Kigombe mwezi mmoja baadaye, ikiwa na maneno "KIMBUNGA KESHO".

Jioni ya Mei 3, 2024, mjomba alikuja nyumbani, akakaa kwenye baraza.

"Kitatufikia, hakitufikii?"

"Sijui, mjomba. Ila kesho saa tatu asubuhi nitajua zaidi."

"Kiasi gani?"

Nikamfungulia ramani nikamwonesha duara la saa 24, na la nyuma yake la saa 48, kubwa. Aliweka kidole kwenye ukingo wa lile dogo, akapima hadi Tanga kwa upana wa vidole. Akaniomba penseli, akaandika kwenye kiganja: saa tatu.

Daftari lina safu tano: tarehe na saa, walichotabiri, duara langu, idadi ya tambi, na kilichotokea. Ile ya tano hujazwa kimbunga kikishakufa, na wengi huiacha wazi kwa sababu msisimko umeisha. Ijaze usiku ule ule. Pima kwa rula kutoka nukta waliyotabiri hadi nukta kilipopita, andika kilomita. Ukifikisha vimbunga vitano, hata vile vya Madagaska ambavyo havikuhusu, chukua wastani wa makosa hayo kwa saa 24 na kwa saa 48, ndio uwe upana wa bikari yako msimu unaofuata badala ya huu wangu.